Choki Isiyoonekana: Somo la Sensa ya Joto la Injini

Gari lilikuwa linanuka petroli. Haikuwa harufu ya tangi linalovuja, bali ile nzito inayotoka kwenye ekzosi na kung'ang'ania nguo, hata ukifika ndani watu wanajua umetoka wapi. Ni Toyota ndogo yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,496 iliyojaa kwenye barabara zetu, na wakati huo nilikuwa nikiliendesha Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi za Julai mtu hatoki bila koti. Asubuhi liliwaka vizuri kabisa. Mchana, likishapata moto, ndipo lilipoanza kukohoa, kutoa moshi mweusi na kunywa mafuta kama lori.

Fundi alisikiliza mlio, akachomoa plagi moja, akaiona imejaa masizi. "Mzee, hiyo ni sensa ya joto la maji. Nunua mpya, tufunge." Nikanunua, ikafungwa. Siku ya pili harufu ilikuwa palepale.

Fundi yule hakukosea sana. Alikuwa ametaja mtaa sahihi, akabisha hodi nyumba ya jirani. Ili kuona kosa lilikuwa wapi, inabidi tuanze mbali kidogo: sensa hii inajua nini hasa, na inamwambia nani.

Jambo la kwanza ni kwamba sensa ya joto haijui joto. Haina namba ndani yake wala haipeleki ujumbe wowote. Ni kipande kidogo cha kitu kinachopitisha umeme, kimefungwa ndani ya kifuko cha shaba nyeupe au ya njano, ncha yake imezama kwenye maji yanayozunguka injini. Kinachobadilika ndani yake ni kitu kimoja tu: ukinzani, yaani jinsi kinavyouzuia umeme usipite. Ukinzani tunaupima kwa omu. Omu nyingi maana yake njia ni nyembamba. Omu chache, njia ni pana.

Waya wa kawaida wa shaba nao hubadilika ukipata joto, ila kwa namna tofauti. Ndani ya shaba elektroni zilizo huru ni nyingi tangu mwanzo. Joto likipanda, atomu zinatikisika zaidi, elektroni zinagongana nazo zaidi, na umeme unapita kwa taabu. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, ukinzani wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.4. Ni badiliko dogo, na kulipima kwa uhakika kunahitaji vifaa vya uangalifu.

Mwaka 1833 Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, alikuwa akichunguza kemikali iitwayo salfaidi ya fedha, akaona jambo lililo kinyume na metali zote: kadiri alivyoipasha moto, ndivyo umeme ulivyopita kwa urahisi. Leo tunajua sababu. Katika vitu vya namna hiyo elektroni nyingi zimeshikiliwa mahali pake, kama watu waliokaa vitini. Joto ndilo linalozipa nguvu ya kusimama na kutembea. Ni kweli kwamba msukosuko wa atomu nao unaongezeka, lakini elektroni zilizopata uhuru ni nyingi mno hata msukosuko huo hauonekani. Matokeo yake ni kwamba joto likipanda, ukinzani unashuka, na unashuka kwa kasi.

Kipande kilicho ndani ya sensa ya gari ni cha jamaa hiyo. Hutengenezwa kwa unga wa oksidi za metali kama manganizi, nikeli na kobalti, ukashindiliwa na kuchomwa kwenye tanuru kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 mpaka ukawa mgumu. Kwa maneno mengine ni kigae. Mfinyanzi akikiona kinavyotengenezwa angeitambua kazi yake. Jina lake ni themista, na kwa kila nyuzi moja ya joto ukinzani wake hushuka kwa asilimia 3 hadi 4 hivi, karibu mara kumi ya badiliko la shaba. Ndiyo maana kinaweza kupimwa kwa kifaa rahisi.

Sasa tutoke kwenye maneno, twende jikoni.

Baada ya sensa mpya kushindwa kunisaidia, nilibaki na ile ya zamani mkononi. Nikachukua sufuria ndogo, maji, kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzi 110, na mita ya fundi umeme, ile ya bei ya chini inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme. (Usitumie kipimajoto cha homa. Kimetengenezwa kwa joto la mwili, na maji ya moto yatakipasua.) Niliunganisha nyaya mbili za mita kwenye pini mbili za sensa, nikaifunga sensa kwa uzi ili ining'inie, ncha yake ya shaba ikiwa ndani ya maji na pini zikiwa juu, kavu. Haikugusa chini ya sufuria, kwa sababu chuma cha chini kina joto kuliko maji yenyewe.

Maji yakiwa na nyuzi 20, mita ilionyesha omu 2,450 hivi. Nikawasha moto mdogo. Namba zilianza kushuka palepale, kwanza kwa haraka ya kushangaza. Kwenye nyuzi 40 zilikuwa zimebaki karibu 1,100, zaidi ya nusu imeshapotea kwa nyuzi 20 tu. Kwenye 60 zilikuwa kama 580. Kwenye 80 nikazima moto, nikakoroga maji taratibu, nikasubiri namba zitulie: 320. Nikawasha tena mpaka yakachemka, na kwa kuwa Iringa iko juu, maji yalichemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Mita ilisoma kama 210.

Vitabu vya ufundi vya Toyota vinasema sensa ya aina hii iwe kati ya omu 2,320 na 2,590 kwenye nyuzi 20, na kati ya 310 na 326 kwenye nyuzi 80. Yangu ya zamani, niliyoitoa na kulipia nyingine, ilikuwa nzima kabisa.

Angalia namba hizo tena, kwa sababu zinafundisha kitu. Kutoka 20 hadi 40 tumepoteza omu zaidi ya 1,300. Kutoka 60 hadi 80, omu 260 tu. Ngazi yenyewe ni ileile ya nyuzi 20, ila hatua zinazidi kuwa fupi, kwani kila asilimia inakatwa kwenye kiasi kilichobaki. Hii ina maana kwamba injini ikiwa ya moto, omu chache tu za kosa zinadanganya sana. Shika hilo, tutalirudia.

Upande wa pili wa waya yupo msikilizaji: kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu huiita kontroboksi. Nayo haiwezi kupima omu moja kwa moja. Inachoweza kupima ni volti. Kwa hiyo inatoa volti 5 za uhakika, inazipitisha kwanza kwenye kikinzani chake cha ndani ambacho omu zake hazibadiliki, halafu kwenye sensa, halafu zinarudi. Volti 5 zinagawanywa kati ya wawili hao kulingana na omu za kila mmoja. Mwenye omu nyingi anachukua volti nyingi.

Tuseme kikinzani cha ndani ni omu 2,500. Injini ikiwa baridi, sensa ina 2,450. Karibu wanalingana, kwa hiyo kila mmoja anapata nusu, na kompyuta inasoma volti 2.5 hivi. Injini ikifika nyuzi 80, sensa ina 320 tu, inapata sehemu ndogo, na kompyuta inasoma kama volti 0.57. Ndani ya kumbukumbu yake lipo jedwali: volti hizi ni nyuzi hizi. Basi, hiyo ndiyo akili yote.

Hapo tunaweza kujijibia wenyewe mambo mawili bila kumuuliza mtu. Waya ukikatika, umeme haupiti kabisa, volti zote 5 zinabaki upande wa sensa, na kompyuta inasoma baridi ya kutisha, kama nyuzi 40 chini ya sifuri. Nyaya mbili zikigusana, volti ni sifuri, inasoma joto lisilowezekana. Yote mawili ni upuuzi ulio wazi, na kompyuta inajua ni upuuzi, kwa hiyo inawasha taa ya injini kwenye dashibodi na kuandika kosa P0118 kwa la kwanza, P0117 kwa la pili. Toyota nyingi zikifika hapo huacha kuisikiliza sensa, hudhani joto ni nyuzi 80, na feni huzungushwa mfululizo ili injini isiungue. Ndiyo sababu fundi anayetaka kujua kama feni ni nzima huchomoa soketi ya sensa na kusikiliza.

Hatari kubwa ni ule uongo unaofanana na ukweli.

Nilirudi kwenye gari, nikaiangalia soketi yenyewe, ile ya plastiki inayoingia kwenye pini za sensa. Ndani, pini moja ilikuwa na unga wa kijani. Ni kutu ya shaba. Maji yalikuwa yakivuja polepole kutoka kwenye bomba la juu la rejeta, tone moja moja, yakikauka juu ya soketi. Kutu hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo ilikuwa imejiongeza kama kikinzani cha tatu kwenye mstari. Nilipopima toka upande wa waya, kutu ile peke yake ilikuwa na omu karibu 2,000.

Fanya hesabu. Injini ya moto: sensa 320, kutu 2,000, jumla 2,320. Kompyuta ikitazama jedwali lake, 2,320 ni nyuzi 21 au 22. Injini inachemka kwa kazi, kompyuta inaamini ni asubuhi ya Iringa. Taa haikuwaka, kwa sababu nyuzi 22 ni namba ya heshima kabisa. Magari mapya zaidi hujiuliza mbona dakika kumi zimepita na injini haijapata joto, yakaandika kosa. Mengi ya zamani hayajiulizi. Na sensa mpya isingebadilisha lolote, maana nayo ilichomekwa kwenye kutu ileile.

Kwa nini sasa harufu ya petroli? Wanaokumbuka magari ya kabureta wanakumbuka choki. Asubuhi unavuta kitufe, hewa inabanwa, petroli inazidi, gari linawaka. Likipata moto unairudisha. Sababu yake ni kwamba petroli ya majimaji haiungui vizuri. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli inayopulizwa inatua kama umande kwenye kuta za chuma badala ya kuwa mvuke. Ili mvuke utoshe, inabidi umwage zaidi. Injini ikipata joto, umande huo unakauka wenyewe, na ziada haihitajiki tena.

Gari la leo halina kitufe hicho, lakini choki ipo. Inavutwa na kompyuta, kwa kuziacha nozeli wazi muda mrefu kidogo, na anayeiambia ivute au iachie ni sensa hii ya joto. Gari langu lilikuwa linatembea mchana kutwa choki imevutwa. Masizi kwenye plagi, moshi mweusi, mafuta kwisha: vyote vinatoka hapo. Na kuna baya zaidi. Katika magari ambayo kompyuta ndiyo inayowasha feni, kompyuta inayoamini injini ni baridi haina sababu ya kuiwasha. Ukiwa barabarani upepo unakuokoa. Ukikwama kwenye foleni, gari linachemsha.

Nilisafisha pini kwa brashi ndogo na dawa ya kusafishia viungo vya umeme, nikakaza kibano cha bomba lililokuwa likivuja, nikachomeka. Harufu ikaisha siku hiyohiyo.

Hata hivyo sensa hufa kweli. Kigae hupata ufa kwa miaka ya kupashwa na kupozwa, pini hulegea ndani, au ncha hupata ukoko mgumu hasa kwa wanaojaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi. Ukoko huchelewesha joto lisifike ndani. Ukiipima kwenye sufuria na namba zikaruka hovyo, au zikawa mbali na jedwali, ibadilishe bila huruma. Kazi yenyewe ni ndogo, ila ina mahali pa kuumiza watu.

Usifungue mfuniko wa rejeta gari likiwa na moto. Mfuniko ule si kifuniko cha chupa. Umetengenezwa kuzuia shinikizo la karibu baa 1 juu ya lile la hewa, na kwa shinikizo hilo, usawa wa bahari, maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Maana yake ndani yanaweza kuwa na nyuzi 110 na bado ni maji matulivu. Ukifungua, shinikizo linatoweka, na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke kwa mpigo mmoja, usoni kwako. Anayepanda mlima Kitonga ameona madereva wakisimama kando, dumu mkononi, kitambaa juu ya mfuniko. Ndugu yangu, subiri. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja kwenye bomba la juu bila kukitoa.

Injini ikipoa, legeza mfuniko, weka beseni chini, punguza kulanti, yaani maji ya kupozea injini, kidogo mpaka ishuke chini ya usawa wa sensa. Mara nyingi utaikuta karibu na mahali bomba la juu la rejeta linapotoka kwenye injini. Hakikisha umeshika yenyewe: magari mengi ya zamani yana mbili, moja ya waya mmoja kwa ajili ya mshale wa dashibodi, nyingine ya nyaya mbili kwa ajili ya kompyuta. Watu wamebadilisha ya mshale wakitegemea ulaji wa mafuta upungue. Ile ya waya mmoja hurudisha umeme kupitia hesi zake zenyewe kwenye chuma cha injini, kwa hiyo ukizizungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba unaweza kuikata njia hiyo, na mshale ukaanza kudanganya.

Bonyeza kikufuli cha soketi, vuta plastiki, usivute nyaya. Katika Toyota nyingi ndogo boksi refu namba 19 ndilo linalofungua. Sensa mpya iingie na washa au oringi mpya, ianze kuzungushwa kwa vidole, maana hedi ni ya aluminiamu na hesi zake zinalika haraka. Kukaza kunatosha newtoni-mita 20 hivi. Kwa mpini wa sentimita 20, hiyo ni sawa na kuning'iniza mfuko wa kilo 10 kwenye ncha yake. Mkono wa fundi mwenye hasira unazidi hapo kwa urahisi.

Kisha toa hewa. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Hewa hupitisha joto kwa shida, zaidi ya mara 20 kuliko maji, na sensa iliyonasa ndani ya povu la hewa haisomi injini, inasoma povu. Jaza kulanti polepole, fungua hita upande wa moto, acha injini ingurume mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi, ongeza kadiri inavyoshuka, mpaka themostati, ile vali inayoyaachia maji yaende kwenye rejeta, ifunguke na bomba la juu lipate moto. Kwa sababu hiyohiyo, ukiwa safarini ukaona mshale wa joto uliokuwa juu umeshuka ghafla bila sababu, usishukuru. Huenda maji yameisha na sensa imebaki kwenye hewa. Simama hapohapo.

Na themostati hiyo, tafadhali, isitolewe. Tumezoea kusikia kwamba huku kwetu ni joto, haina kazi, ni ya Wazungu. Katika injini nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kazi yake ni kuifikisha injini hapo haraka na kuibakiza hapo. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, na barabara ndefu yenye upepo inaweza kuiacha injini kwenye nyuzi 60. Sensa itasema kweli, kompyuta itaamini, na choki itaendelea kuvutwa. Mwenye gari ataambiwa anunue sensa.

Kulanti uliyomwaga kwenye beseni ina sumu na ina ladha tamu. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko, mbali na watoto, mbwa na kuku.

Kipimo cha mwisho ni cha kesho yake alfajiri, kabla ya kugusa ufunguo wa kuwasha. Gari lililolala usiku kucha lina joto la hewa inayolizunguka, maji yake pia. Chomeka skana, kile kifaa cha kusomea kompyuta ya injini, washa swichi tu bila kuwasha injini, usome joto la maji na joto la hewa inayoingia. Langu lilisoma 14 na 13.